Carl Akeley: Alifia Mlimani Akitafuta Picha ya Kweli

Ukisimama Gisenyi alfajiri, kabla akina mama hawajajipanga Petite Barrière na vikapu vyao vya nyanya, utaona milima upande wa kaskazini. Nyiragongo uko karibu, kilele chake kimekatwa kama chungu kisicho na kifuniko. Mbali zaidi, kuelekea mashariki, umesimama Mikeno wenye ncha kali. Kule Mikeno, upande wa Kongo, amezikwa Mmarekani aitwaye Carl Akeley. Wengi wetu tunavuka mpaka kila siku bila kulijua jina lake. Mimi nimelijua kwa sababu ya mwanafunzi wangu.

Kijana huyo anajifunza kuchora kwa kompyuta mandhari ya nyuma ya filamu, yaani ile milima na mawingu ambayo mtazamaji huamini kuwa mwigizaji amesimama mbele yake. Aliniletea kazi yake ya kwanza: mama muuza samaki, na nyuma yake ziwa Kivu na Nyiragongo. Rangi zilipendeza, lakini jicho lilikataa kuamini. Nilipotafuta mfano wa kumpa, nikakutana na maisha ya Akeley.

Alizaliwa tarehe 19 Mei 1864, mtoto wa mkulima huko Clarendon, jimbo la New York. Kazi aliyoichagua ni kutengeneza wanyama wa maonyesho kwa kutumia ngozi za wanyama waliokufa. Siku hizo mafundi wengi walishindilia ngozi kwa majani makavu, na mnyama akafanana na gunia. Akeley aliichukia kazi hiyo ya kulipua. Yeye alifinyanga kwanza mwili wa udongo, msuli kwa msuli, akatoa umbo jepesi kutokana na udongo huo, ndipo akalivika ngozi.

Mwaka 1890, katika makumbusho ya Milwaukee, alitengeneza kundi la panya-maji wakiwa kwenye makazi yao, na nyuma yao mandhari iliyochorwa. Onyesho la namna hiyo huitwa dayorama. Mbele kuna vitu halisi, nyuma kuna picha, na mtazamaji hatakiwi kujua kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Wachoraji wa filamu nao walikuja kuhangaika na jambo hilohilo, kwanza kwa brashi juu ya kioo, na leo kwa kompyuta.

Afrika alikuja mara tano, na nusura imuue mapema. Mwaka 1896, katika nchi ya Wasomali, alimuua chui kwa mikono mitupu. Mwaka 1910, katika Mlima Kenya, tembo alimkandamiza na kumwacha akidhaniwa amekufa. Aidha alibuni kamera ya filamu iliyogeuka kwa wepesi kumfuata mnyama, na mwaka 1921 akapiga kwayo filamu ya ngagi, yaani gorila, katika misitu ya volkano zetu.

Hata hivyo, tusimpambe kupita kiasi. Safari hiyo ya 1921 iliua ngagi watano kwa ajili ya makumbusho ya New York. Lakini aliyekuja kuwinda aliondoka na wasiwasi kwamba wanyama hawa watakwisha. Akashauri walindwe, na mwaka 1925 Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji akaanzisha hifadhi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya taifa barani Afrika. Mwaka 1929 ilipanuliwa, ikaunganisha volkano za upande wetu.

Ngagi wake walikuwa tayari New York, lakini mlima wa kuwaweka nyuma yao haukuwepo. Wengine wangetosheka na picha za kamera. Akeley alirudi mwaka 1926 pamoja na mchoraji William R. Leigh, ili mlima uchorwe mbele ya mlima wenyewe. Alipanda akiwa mgonjwa. Tarehe 17 Novemba 1926 alifariki huko Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi, akiwa na miaka 62. Mjane wake, Mary Jobe Akeley, aliiendeleza kazi, na Leigh akachora. Ukumbi wa wanyama wa Afrika ulifunguliwa mwaka 1936 kwa jina la marehemu. Ndani yake, nyuma ya ngagi, wanaonekana majirani zetu, Nyiragongo na Nyamulagira.

Basi nilimrudisha kijana kwenye picha yake. Nyiragongo aliutoa katika picha ya asubuhi, ziwa katika picha ya alasiri, na vivuli vikaanguka pande mbili. Jua ni moja. Mlima wa mbali aliuchora mweusi na wazi kama kitambaa cha muuza samaki, wakati hewa hufifisha kila kilicho mbali na kukitia ubuluu. Muuza nyanya anayevuka alfajiri anajua hilo bila kufundishwa. Pale ziwa linapokutana na miguu ya mama, aliacha mstari kama wa mkasi. Nikamwambia azime kompyuta, aende ufukweni saa moja asubuhi siku tatu mfululizo, achore kwa penseli tu.

Ninasema haya nikiwa na deni. Nilisoma shule ya msingi ukimbizini, Karagwe, Tanzania. Mama alitusimulia volkano za nyumbani, nami nikazichora kwenye daftari: nyeusi, ncha kama sindano, moto juu. Niliipenda picha ile kwa miaka mingi. Tuliporudi mwaka 1996, nilisimama hapa Gisenyi nikiutafuta mlima wangu, na haukuwepo. Uliokuwepo ulikuwa na kilele bapa, umefifia, nusu yake mawinguni. Nilikasirika kidogo, kana kwamba mama alinidanganya. Kumbe alisema kweli. Mimi ndiye nilikuwa sijaona.

Kijana alirudi siku ya nne. Mlima wake sasa umefifia kiasi kwamba rafiki zake wanalalamika hauonekani vizuri. Kiungo cha maji bado kinamshinda. Lakini nilipoitazama picha ile, nilijua ni saa ngapi.