Waliyemwita Mtumwa Akajipa Jina

Kijana, mtaani wanakuitaje? Mhuni? Chokoraa? Eti hufai kitu? Hebu keti kidogo, usikie habari za mama mmoja wa Marekani.

Alizaliwa mtumwa jimboni New York, yapata mwaka 1797, akaitwa Isabella. Akiwa na miaka kama 9 akapigwa mnada pamoja na kondoo, wote kwa dola 100. Fikiri, rafiki: na kondoo!

Mwaka 1826 alitoroka alfajiri, mtoto mchanga mkononi. Mwanawe Peter alikuwa ameuzwa Alabama kinyume cha sheria. Basi mama huyu, asiyejua hata kusoma, akaenda mahakamani kumdai. Mwaka 1828 akarudishiwa mwanawe. Si mchezo!

Tarehe 1 Juni 1843 akaliacha jina la utumwani. Hakuomba ruhusa ya mtu. Akajiita Sojourner Truth, yaani Msafiri, tena Kweli, akatoka kwenda kuhubiri.

Unadhani wakanyamaza? Mwaka 1858 huko Indiana, wanaume mkutanoni walidai yeye si mwanamke, eti sauti yake ni ya kiume. Akafungua kifua mbele ya wote, akawaambia aibu hiyo ni yao.