JINA LAKO NANI?

Rafiki kijana, jina lako nani? Labda unaitwa Yohana, au John. Labda dada yako anaitwa Neema. Je, unajua maana yake? Yohana ni jina la Kiebrania, maana yake Mungu ametenda kwa neema. Kumbe Yohana na Neema ni ndugu!

Hebu sikiliza habari za John Newton. Alizaliwa London mwaka 1725. Jina hilo alilirithi kwa baba yake, nahodha wa meli. Mama yake alimfundisha Biblia, lakini alifariki kabla mtoto hajatimiza miaka 7. Akiwa na miaka 11 akaingia baharini na baba yake.

Huko akaharibika. Matusi yake yaliwashtua hata mabaharia! Mwaka 1744 alikamatwa akatiwa kwa nguvu katika jeshi la majini. Akatoroka, akakamatwa tena, akachapwa viboko mbele ya wenzake. Baadaye akajikuta pwani ya Afrika Magharibi kwa mfanyabiashara wa watumwa, ana njaa, ana homa, nguo zimemchakaa. Anaitwa Yohana, lakini hiyo neema iko wapi?

Machi 1748, akiwa njiani kurudi kwao, dhoruba ikaipasua meli usiku. Maji yakajaa ndani. Yule mtukanaji akamlilia Mungu wa mama yake, na meli ikafika Ireland.

Ukadhani yameisha? Bado! Newton aliendelea na biashara ya watumwa, akawa nahodha, akasafirisha Waafrika katika minyororo hadi mwaka 1754. Yeye juu anasali, chini watu wanalia! Jina analo, dini anayo, lakini mikono ina damu.

Mungu hakumwacha. Mwaka 1764 akawa mchungaji mjini Olney. Kwa ibada ya Mwaka Mpya 1773 akatunga wimbo unaojulikana dunia nzima, Amazing Grace, yaani Neema ya Ajabu. Na mwaka 1788, baada ya kukaa kimya miaka mingi, akaandika kijitabu akikiri hadharani unyama alioushiriki. Akamtia moyo mbunge William Wilberforce katika vita vya kuikomesha biashara ile. Machi 1807 Bunge la Uingereza likaipiga marufuku. Desemba mwaka huohuo Newton akafa, mzee wa miaka 82. Jina lake lilikuwa limetimia.

Rafiki, jina zuri halimwokoi mtu. Unaweza kuitwa Yohana na ukashinda kijiweni na bangi. Unaweza kuwa na jina la babu yako lisilomo katika Biblia, na neema ileile ikakufikia. Mwite Yesu leo, hapohapo ulipo. Na kama kuna mtu uliyemwibia au kumuumiza, usingoje miaka mingi kama Newton. Mwendee. Tengeneza naye leo!