Bess wa Hardwick na Jumba Lake
Leo nawaletea habari za Bess wa Hardwick, mama shupavu wa Uingereza. Aliolewa mara 4 na waume wote wakamtangulia kufa. Wa kwanza alipofariki mwaka wa 1544, Bess alinyimwa urithi wa mjane. Hakukubali kukaliwa; alienda kortini mpaka akaupata. Mwaka wa 1590, akiwa na zaidi ya miaka 60, alianza kujenga Hardwick Hall, jumba la madirisha makubwa ajabu, akaweka herufi za jina lake, ES, juu ya minara. Alifariki mwaka wa 1608. Wazao wake walilimiliki hadi miaka ya 1950, kodi ya urithi ilipowalemea. Tangu 1959 ni la shirika la National Trust. Wenyewe wamebadilika, lakini herufi za yule mjane bado ziko juu. Mimi nasema, haki haiombwi, inadaiwa. Au sivyo, jamani?