Abdalla bin Abbas na Mwezi wa Sham

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Abdalla bin Abbas, Mwenyiezi Mungu awe radhi naye na babake, alizaliwa Makka miaka mitatu kabla ya Hijra, wakati Bani Hashim walipokuwa wamezingiwa bondeni mwao. Babake ni ami yake Mtume (S.A.W.), mamake ni Ummul Fadhli, na Bibi Maimuna, mkewe Mtume, ni ndugu wa mamake. Kwa ujamaa huo alilala nyumbani kwa Mtume naye yu mtoto, akamwona akiondoka usiku kusali, naye akatawadha akasimama kando yake. Mtume akamwombea Mola amfahamishe dini na amfunze tafsiri.

Mtume alipofariki, Abdalla alikuwa na umri wa miaka 13 hivi. Hakuutegemea ujamaa wake. Aliitafuta ilimu kwa Masahaba milangoni mwao. Akimkuta mwenye hadithi amelala adhuhuri, hakumgongea, bali alijilaza kizingitini juu ya nguo yake, na upepo ukimpiga mchanga usoni, mpaka mwenyewe atoke. Kwa hayo Seyyidna Umar alimkalisha barazani pamoja na wazee waliopigana Badri, na Seyyidna Ali akamtawalisha Basra.

Katika khabari zake iko moja inayowapasa watu wote kila Ramadhani. Ummul Fadhli alimtuma Kuraib kwenda Sham kwa Muawiya. Kuraib alikuwa mtumwa wa Ibn Abbas, naye akamwacha huru. Mwezi wa Ramadhani ukamwandamia huko usiku wa kuamkia Ijumaa. Akauona yeye na watu wengine, wakafunga, na Muawiya akafunga. Mwisho wa mwezi akarejea Madina. Ibn Abbas akamwuliza mwezi umeonekana lini, naye akamweleza. Ibn Abbas akamjulisha kuwa watu wa Madina waliuona usiku wa kuamkia Jumamosi, basi wataendelea kufunga mpaka watimize thalathini au wauone. Kuraib akauliza kama hakutoshi kuona kwa Muawiya na saumu yake. Ibn Abbas akakataa, akasema kuwa ndivyo walivyoamrishwa na Mtume.

Khabari hii ameipokea Imamu Muslim katika Sahihi yake, nayo ndiyo hoja kubwa ya wanazuoni wa Kishafii kwamba mji ulioona mwezi hauulazimishi mji ulio mbali. Imamu Rafii aliupima umbali huo kwa masafa ya kukasiri sala. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, alishika kuwa kipimo ni kukhitalifiana kwa matlai. Kwani mwezi huachana na jua kidogo kidogo, na jua likichwa mashariki kabla ya magharibi, huenda mwezi usionekane huku ukaonekana kule. Hakuna wa Madina anayefuturu kwa magharibi ya Sham. Wanazuoni wengi wa madhehebu nyingine wamesema kuwa ukionekana mahali pamoja huwalazimu wote, na baadhi yao wamesema Ibn Abbas hakukubali kwa kuwa Kuraib alikuwa shahidi mmoja tu. Hiyo nayo ni kauli ya watu wa ilimu, haifai kutukaniwa.

Msafiri aliye katika hali ya Kuraib, katika kauli iliyo sahihi zaidi kwa Mashafii, huwafuata watu wa mji aliofikia, akafunga nao ijapokuwa yeye amekwisha timiza thalathini. Na aliyetoka kwa waliochelewa akawakuta wenziwe katika Idi, hula Idi pamoja nao. Na ikiwa amefunga siku 28, hulipa moja.

Ibn Abbas alipofuka macho uzeeni, akafa Taif mwaka 68 Hijria, akasaliwa na Muhammad bin Hanafiya. Katika jambo lile hakumwambia Muawiya mwongo, wala hakuwaamuru watu wa Sham kuiacha saumu yao. Aliwaacha na mwezi wao, na Madina ikatimiza wake kwa umoja.

Wallahu aalam.