Kurt Schwitters: Mkimbizi aliyetengeneza sanaa kwa vitu vilivyotupwa

Ndugu msomaji, unajua kwamba mtu akikimbia nyumbani kwake hawezi kubeba kila alichokijenga. Kurt Schwitters alipoteza kazi zake namna hiyo, akaanza upya zaidi ya mara moja.

Alizaliwa Hannover, Ujerumani, mwaka 1887, akasomea uchoraji mjini Dresden. Picasso na Braque walikuwa wameshaonyesha kuwa karatasi ya kawaida inaweza kubandikwa kwenye picha. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Schwitters aliendelea mbele zaidi. Aliokota tiketi za tramu, mbao, waya na magurudumu, akavibandika na kuvipigilia misumari. Mwaka 1919 aliita kazi hizo Merz, kipande cha neno alichokikata kwenye tangazo la benki.

Ukizitazama, usitafute sura ya mtu wala mti. Angalia jinsi rangi, mistari na maumbo yanavyopangwa yakashikana. Kwake, tiketi iliyotupwa ilikuwa na thamani sawa na rangi ya dukani.

Nyumbani Hannover alijenga kazi kubwa iliyojaza vyumba, iitwayo Merzbau. Lakini Wanazi waliidhihaki sanaa yake, na mwaka 1937 alikimbilia Norway, alikoanza kujenga nyingine. Mwaka 1940 Ujerumani ilipoivamia Norway, alikimbia tena na mwanawe hadi Uingereza. Huko alifungiwa kambini katika Kisiwa cha Man, kwa sababu tu alikuwa Mjerumani. Vifaa vilikuwa haba, hivyo akafinyanga sanamu kwa uji uliobaki. Zikaota ukungu.

Aliachiliwa mwaka 1941. Miaka miwili baadaye mabomu yaliiharibu nyumba ya Hannover pamoja na Merzbau. Mkewe Helma, aliyebaki huko, alifariki mwaka 1944.

Mwaka 1947, akiwa mgonjwa, alianza tena katika ghala la mawe huko Elterwater, kaskazini mwa Uingereza, kwa plasta, mawe na matawi. Alifariki tarehe 8 Januari 1948, siku moja baada ya kupata habari kwamba amepewa uraia wa Uingereza. Ukuta mmoja aliouacha umehifadhiwa mjini Newcastle hadi leo.

Ndugu msomaji, nyumba na kazi zake viliweza kuharibiwa. Jicho la kuchagua na mkono wa kupanga alikwenda navyo kila alikokimbilia.