Annalena Tonelli: Mkristo aliyekomaa katika sala miongoni mwa Waislamu wa Wajir

MSAFIRI anayetoka Garissa kuelekea Wajir, kisha akaendelea kaskazini hadi Takaba na Mandera, hupita katika nchi kame yenye miiba, vumbi na visima vilivyo mbalimbali. Ni nchi ya ngamia na mbuzi, na ya watu ambao tangu enzi za mababu wameishi kwa Uislamu. Adhana ndiyo inayogawa siku yao, si kengele ya kanisa.

Katika nchi hiyo, mwanamke mmoja Mkristo kutoka Italia aliishi kwa takriban miaka 15 bila kuhubiri na bila kujenga kanisa. Jina lake ni Annalena Tonelli. Alipouawa mwaka 2003, waliomlilia kwa uchungu mkubwa walikuwa Wasomali Waislamu aliowauguza. Maisha yake yangali yanazua swali zito: Je, imani ya mtu hukua namna gani mahali ambapo hakuna wa kusali naye?

Annalena alizaliwa Aprili 2, 1943 katika mji wa Forlì, kaskazini mwa Italia, wakati Vita Vikuu vya Pili vikiendelea. Alikuwa mmoja wa watoto watano. Alilelewa katika desturi za Kikatoliki kama watoto wengi wa mji huo, akasomea sheria na kupata shahada. Njia ya kuwa wakili, na kuishi maisha ya raha, ilikuwa wazi mbele yake.

Hata hivyo, imani yake haikukomaa katika ibada za Jumapili. Ilianza kuwaka alipoingia katika mitaa duni ya mji wake mwenyewe. Kwa miaka sita aliwahudumia maskini wa Forlì, wakiwamo watoto waliotelekezwa na familia zilizokuwa zikiishi katika majengo machakavu. Aliwahimiza vijana wenzake kuanzisha kamati ya kupambana na njaa duniani, ambayo ingali hai. Hapo ndipo alipotambua kwamba hangeweza kumpenda Mungu asiyemwona huku akimpita binadamu anayemwona.

Miongoni mwa waliomwongoza katika fikira zake ni Mahatma Gandhi wa India na Charles de Foucauld wa Ufaransa. Huyu wa pili anastahili kutajwa, kwa kuwa nyayo zake zinaonekana waziwazi katika mchanga wa Wajir.

De Foucauld alizaliwa mwaka 1858. Alipokuwa kijana aliipoteza imani yake kabisa, akaishi kwa anasa na kuwa afisa wa jeshi. Katika miaka ya 1883 na 1884 alisafiri nchini Morocco, na huko akawaona Waislamu wakisujudu mara tano kwa siku. Jambo hilo lilimtikisa. Mtu asiyekuwa na dini alianza kujiuliza kama Mungu yupo. Mwaka 1886 alirejea katika imani ya Kikristo mjini Paris, baadaye akawa padri na kwenda kuishi katika jangwa la Sahara, nchini Algeria, miongoni mwa Watuareg. Aliuawa Desemba 1, 1916, na mwaka 2022 Kanisa Katoliki likamtangaza kuwa mtakatifu. Maishani mwake hakupata wafuasi. Alitaka tu kuwa ndugu wa wote, akisali na kutenda mema kimyakimya.

Mfano huo ndio Annalena aliosafiri nao alipofika Kenya Januari 1969, akiwa na umri wa miaka 25. Hakutumwa na shirika lolote la watawa. Hakuwa sista, wala hakuweka nadhiri mbele ya askofu, lakini moyoni alikuwa ameamua kutoolewa na kuishi fukara miongoni mwa mafukara. Alianza kwa kufundisha Kiingereza katika shule ya sekondari ya Chinga, katika nchi ya Wakikuyu. Mwaka uliofuata alihamia Wajir.

Wajir ya mwaka 1970 ilikuwa mahali pagumu. Vita vya Shifta vilikuwa vimemalizika miaka michache tu iliyopita, na Mkoa wa Kaskazini Mashariki ulikuwa bado chini ya sheria za hali ya hatari, zilizoendelea hadi mwaka 1991. Barabara, shule na hospitali zilikuwa chache. Wenyeji walimtazama mgeni yeyote kwa tahadhari, na Annalena alikuwa na kila sababu ya kutoaminiwa: alikuwa kijana, mzungu, Mkristo, tena hana mume. Katika jamii ambayo mwanamke asiyeolewa huonekana kama mtu aliyepungukiwa, hali hiyo ya mwisho huenda ndiyo iliyowashangaza watu zaidi.

Jaribio la kwanza la imani yake lilikuwa njaa. Ukame ulipopiga, aliwaona watu wakifa mbele ya macho yake, na baadaye alikiri kwamba uchungu ulimzidi hata akatamani kufa. Katika siku hizo alitoa damu yake ili kumwokoa mtoto mchanga, kisha akawasihi wanafunzi wake nao watoe. Walikataa, kwa kuwa jambo hilo lilikuwa geni kwao. Hatimaye mmoja alikubali, na baada yake wengine wakafuata. Kwa Annalena, hilo lilikuwa fundisho la sala. Alijifunza kumwomba Mungu huku akiwa amenyoosha mkono kutoa damu.

Pole pole alijiunga na wanawake wengine kutoka Italia, miongoni mwao Maria Teresa Battistini, wakaishi pamoja na kufungua kituo cha kuwatunza walemavu. Watoto waliopooza kwa polio, vipofu, viziwi na mayatima walipata makao, mazoezi ya viungo na nafasi ya kusoma. Wanawake hao walikula chakula walichokula majirani, na Annalena alijitanda kichwani kama wanawake wa Kisomali.

Ugonjwa uliomsumbua zaidi ulikuwa kifua kikuu. Wakati huo matibabu yalichukua mwaka mmoja au zaidi, na mfugaji wa kuhamahama hawezi kulazwa hospitalini kwa muda wote huo ilhali mifugo yake inafuata mvua. Wagonjwa walipoona nafuu waliondoka. Ugonjwa ulirudi ukiwa mkali zaidi, na wengi walifia malishoni baada ya kuwaambukiza jamaa zao.

Mwaka 1976 Annalena alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatibu wafugaji hao. Wazo lake lilikuwa jepesi. Badala ya kuwafungia wagonjwa wodini, aliwaalika wajenge vibanda vyao vya kienyeji kwenye kipande cha jangwa mbele ya kituo cha walemavu. Walikuja na jamaa zao na kuishi hapo kwa miezi sita, huku dawa mpya zenye nguvu zaidi zikitumika. Kila siku mgonjwa alimeza dawa mbele ya mhudumu, na hakuna aliyepewa vidonge akameze peke yake. Kijiji hicho kilijulikana kama manyatta ya kifua kikuu, na mpango huo ulienea katika maeneo mengine ya wafugaji nchini Kenya. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilianza kuhimiza mataifa yote yatumie utaratibu wa mgonjwa kumeza dawa akishuhudiwa.

Kazi hiyo ndiyo iliyoyeyusha uadui. Annalena alikumbuka daima jinsi mzee mmoja mwenye cheo alivyowaambia kwamba Waislamu wanayo imani, lakini wao wageni wanao upendo. Maneno hayo yalimfurahisha, lakini pia yalimnyenyekeza. Yeye mwenyewe aliiona imani ya wagonjwa wake, waliosujudu mchangani wakikohoa damu, na akajihisi mwanafunzi mbele yao, kama De Foucauld alivyowahi kujihisi kule Morocco.

Usiku ulikuwa wakati wake wa kusali. Alilala saa chache mno, akatumia saa nyingine katika sala na kusoma Injili. Karibu na Wajir palikuwa na kijumba cha upweke ambako yeye na wenzake walijitenga kukaa kimya mbele ya Mungu. Kwake, sala haikuwa pumziko la kukimbia kazi, bali chanzo cha nguvu za kuirudia.

Mnamo Februari 10, 1984, nguvu hizo zilipimwa. Vikosi vya usalama viliwakamata maelfu ya wanaume wa ukoo wa Degodia na kuwapeleka katika uwanja wa ndege wa Wagalla, si mbali na mji wa Wajir. Walizuiliwa hapo kwa siku kadhaa juani, bila chakula wala maji. Wengi walipigwa risasi, wengine wakafa kwa kiu na mateso, na miili ikatupwa porini. Kwa miaka mingi serikali ilitaja idadi ya watu 57 tu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilikadiria kwamba waliokufa walikaribia 1,000.

Wakati wengi waliingiwa na hofu, Annalena alitoka kuwatafuta majeruhi na kuwasitiri wafu. Habari za mauaji zilivuka mipaka kwa msaada wake, jambo lililosaidia kuzuia maafa makubwa zaidi. Alinusurika mashambulizi mawili ya kuviziwa, akaonywa kwamba la tatu lisingemkosa. Mwaka 1985 alilazimika kuondoka Kenya. Alinyamaza hadharani kwa muda mrefu, akihofia kwamba maneno yake yangewaletea adhabu wale aliowaacha Wajir.

Huenda huo ulikuwa uchungu mkubwa kuliko yote. Alinyang'anywa kazi, nyumba na watu aliowaita wake. Baada ya kipindi cha kujitenga na kusali, alichagua tena kurudi kwa Wasomali, safari hii nchini Somalia kwenyewe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka na serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991, hakukimbia moja kwa moja. Alihudumu Merca, akiwalisha wenye njaa na kuwatibu wenye kifua kikuu. Daktari Graziella Fumagalli, aliyemrithi huko, aliuawa Oktoba 1995.

Mwaka 1996 Annalena alifika Borama, Somaliland. Alianzisha hospitali ya kifua kikuu iliyokuwa na zaidi ya vitanda 200, shule ya watoto viziwi na walemavu, huduma za upasuaji wa macho na kampeni dhidi ya ukeketaji. Mjini hapo hapakuwa na Mkristo mwingine wa kusali naye. Mara moja au mbili kwa mwaka, askofu kutoka Jibuti alifika kuadhimisha Misa pamoja naye. Siku nyingine zote alibaki na Ekaristi, Injili na wagonjwa.

Si wote waliompenda. Alipoanza kuwahudumia wenye virusi vya Ukimwi, baadhi ya wakazi walimshutumu kwamba ndiye anayeuleta ugonjwa huo, na hospitali ikarushiwa mawe. Hakuondoka. Juni 2003 alipokea mjini Geneva Tuzo ya Nansen ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuwahudumia Wakimbizi, yenye thamani ya dola 100,000, kisha akarudi kwa wagonjwa wake.

Jioni ya Oktoba 5, 2003, akiwa katika eneo la hospitali baada ya kuwazungukia wagonjwa, alipigwa risasi kichwani na kufariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 60. Hakuacha mali, wala shirika lenye jina lake.

Alichoacha ni watu waliopona, na swali kwa kila anayesali. Annalena hakumbadilisha dini hata mgonjwa mmoja, wala hilo halikuwa lengo lake. Aliyebadilika ni yeye mwenyewe: binti aliyerithi dini ya wazazi wake alikuwa mwanamke aliyeipata imani hiyo upya, siku baada ya siku, akiwa amepiga magoti kando ya mkeka wa mgonjwa. Katika nchi ambayo, tangu kifo chake, imeshuhudia damu ikimwagwa kwa jina la dini, ikiwamo ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015, maisha yake yanakumbusha kwamba Mkristo na Mwislamu waliwahi kuishi pamoja hapo kwa miaka mingi, kila mmoja akisali kwa njia yake, na hakuna aliyepungukiwa.