Dk. Louis Leakey na kalenda ya mvua za kale

WAKAZI wa Gerezani na Kariakoo waliowahi kufika Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, wanalijua jina la Leakey kwa sababu ya fuvu la Zinjanthropus, aliloligundua mkewe, Mary, huko Oldupai, Julai 17, 1959.

Wasichokijua wengi ni kwamba kabla ya fuvu hilo, Dk. Louis Leakey alihangaika kwa miaka mingi na swali jingine: ni lini mvua ilinyesha kwa wingi Afrika Mashariki, na ni lini iliadimika?

Alizaliwa Agosti 7, 1903, Kabete, karibu na Nairobi, kwa wazazi wamisionari wa Kianglikana. Alikua pamoja na watoto wa Kikuyu, akapitia jando na rika lake, na Kikikuyu akakisema kama mzawa.

Mwaka 1924, akiwa bado mwanafunzi wa Cambridge, alikwenda Tendaguru, Lindi, katika msafara wa kuchimba mifupa ya dinosaria. Kiongozi wa msafara huo, William Cutler, alifariki dunia kwa malaria mwaka uliofuata.

Mwaka 1926 Leakey alirejea Kenya na msafara wake mwenyewe, akapiga kambi katika Bonde la Ufa, kwenye maziwa ya Nakuru, Elmenteita na Naivasha. Huko alikuta mambo ya ajabu. Juu sana kwenye miteremko, mbali na maji, palikuwa na kokoto zilizolainishwa na mawimbi. Kariandusi palikuwa na udongo mweupe, ambao ni mabaki ya vijimea vidogo mno vilivyoishi majini. Chini kabisa ya sakafu ya pango la Gamble palikuwa na changarawe ya ufukweni, na juu yake zana za mawe za watu waliohamia baada ya maji kushuka.

Hoja yake ilikuwa nyepesi: mawimbi yalipopiga palikuwa ziwa, na ziwa kubwa namna hiyo hudai mvua nyingi.

Kutoka hapo alipiga hatua kubwa zaidi. Yeye na wenzake, akiwamo E. J. Wayland wa Uganda, waliamini kwamba barafu ilipotanda Ulaya, Afrika Mashariki ilipata mvua kubwa. Mkutano wa wanahistoria ya kale aliouandaa Nairobi mwaka 1947 uliidhinisha vipindi vya mvua, kimojawapo kikipewa jina la mto wetu wa Kagera. Ilikuwa kalenda ya kuvutia, pengine mno.

Tahadhari ilikwishatolewa. Mwaka 1935 mwanajiolojia Percy Boswell alimkosoa hadharani kwa kushindwa kumwonyesha mahali hasa yalipotoka mabaki ya binadamu ya Kanam na Kanjera. Vigingi vya chuma vilivyoweka alama vilikuwa vimeng'olewa. Doa hilo lilimfuata kwa miaka mingi.

Mwaka 1959, mwaka ule ule wa Zinjanthropus, Richard Foster Flint wa Marekani alionyesha udhaifu wa kalenda hiyo. Katika Bonde la Ufa ardhi yenyewe hupanda na kushuka, hivyo si kila ufukwe ulio juu umeletwa na mvua.

Kisha yakaja matope. Mwaka 1969 Robert Kendall alichapisha uchunguzi wa tope alilolitoa chini ya Ziwa Victoria, upande wa Uganda: mwishoni mwa zama za barafu ziwa lilikuwa limeshuka sana. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba lilikauka takriban miaka 17,000 iliyopita. Yaani ziwa linalotuletea sato na sangara lilikuwa nchi kavu!

Mwanzoni mwa 1972, Karl Butzer, Glynn Isaac, Jonathan Richardson na Celia Washbourn-Kamau walichapisha umri wa fukwe za Nakuru na Naivasha, uliopimwa kwa kaboni. Maji yalijaa kati ya miaka 10,000 na 8,000 iliyopita, barafu ya Ulaya ikiwa tayari imeyeyuka. Kalenda ilikuwa imepinduka. Isaac aliwahi kufanya kazi chini ya Leakey mwenyewe.

Fukwe, hata hivyo, zilikuwa za kweli. Nakuru na Elmenteita ziliwahi kuwa ziwa moja, maji yakifika takriban mita 180 juu ya Nakuru ya leo.

Leakey alifariki dunia London, Oktoba 1, 1972, akazikwa Limuru, karibu na makaburi ya wazazi wake.